Mwimbaji Aliyeshuka Sauti: Uchambuzi wa Kisa cha Santuri za Tanga

Kisa hiki ni cha familia moja ya Ngamiani, Tanga. Marehemu babu yao aliacha sanduku la santuri ndogo sitini na ushei, zile za mizunguko 45 kwa dakika, za taarabu na dansi la miaka ya 1960 na 1970. Chini kabisa kulikuwa na santuri nne kubwa za mizunguko 78, za sheleki (utomvu mgumu), nzito, za aina inayovunjika ikianguka. Bibi, mjane wake, anazijua karibu zote, upande wa kwanza na wa pili. Redigramu ya nyumbani ilikufa zamani, kwa hiyo santuri zilikaa kimya miaka mingi. Shangazi mmoja anayeishi Marekani akanunua huko pleya ya mitumba, imara, ya kuendeshwa kwa mkanda, akaituma nyumbani pamoja na sindano mpya. Mjukuu aliyekuwa amemaliza chuo akakabidhiwa kazi ya kuziingiza santuri zote kwenye kompyuta ili kila mwanafamilia apate nakala.

Kijana alijituma. Pleya ilikuwa ya volti 120, naye akainunulia transfoma ya kushusha volti 230 za ukutani. Akaiunganisha na amplifaya ndogo ya fono, ya kukuza sauti hafifu ya sindano, kutoka hapo hadi kadi ya sauti ya USB, kisha laptopu yenye Audacity, programu ya bure inayotumiwa na watu wengi kwa kazi hii. Vifaa vyote vilionekana sahihi, na hata mpangilio wake ulionekana sahihi. Lakini muziki ulipotoka ulikwenda pole, sauti zilikuwa nzito, na nyuma yake kulikuwa na mvumo usiokatika.

Hakushtuka sana. Santuri zina miaka hamsini, alijiambia, zimechoka. Akaanza kuzitibu ndani ya kompyuta. Alipitisha kichujio cha kelele, akaondoa mialiko, yaani ile milio mifupi ya "tak", halafu akaongeza kasi kidogo kidogo hadi mwimbaji akasikika kama mtu wa kawaida. Kasi ilimridhisha alipofika asilimia 15. Akahifadhi kwa MP3, akafuta faili za mwanzo kwa sababu alidhani zimejaza diski, akatuma nyimbo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Watu wakafurahi na kumshukuru.

Bibi ndiye aliyekataa. Alisikiliza nyimbo mbili za taarabu na kusema kwamba huyo anayeimba siye, na kwamba wimbo wenyewe unaburuzwa. Walimjibu kwa upole kwamba santuri ni zilezile za sandukuni. Wengine wakadhani masikio yake yamezeeka. Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa kazi ya kuhamisha santuri na kanda kwenda kwenye kompyuta naifanya mara kwa mara, na familia ilitaka mtu wa nje awaamulie.

Nieleze kwanza kwa nini sanduku lile halikuwa la kufanyiwa mzaha. Tanga ya miaka ile ilikuwa mji wa muziki hasa. Upande wa dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, walioingiza gitaa la umeme na la besi katika taarabu na kuifanya ichezeke kwa namna ambayo pwani yote iliifuata. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, ambako ndiko kulikokuwa na mitambo ya kuzichapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na njia ile ikabana. Kwa hiyo santuri ndogo za kabla ya hapo zina uzito wake. Baadhi ya nyimbo zilibaki pia kwenye kanda za Radio Tanzania, lakini mara nyingi rekodi ya redio na ya santuri ni mbili tofauti, zilizopigwa siku tofauti, pengine hata na waimbaji tofauti. Santuri ikiharibika, uimbaji ule mahususi umekwenda.

Jambo la kwanza nililoomba ni faili za mwanzo, zile zisizoguswa. Hazikuwapo, isipokuwa chache za siku ya mwisho ambazo alikuwa hajazifuta. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa kizima, kubwa kuliko la kasi. Kasi mbaya hurekebishika. Faili ghafi ikifutwa, unabaki na matokeo ya maamuzi ya mtu bila kujua aliamua nini. Mjukuu hakukumbuka kila alichofanya kwa kila wimbo, na hakuna ambaye angeweza kukumbuka.

Basi nikazisoma MP3 zenyewe. Watu wanaohamisha santuri huuchukia mvumo na hukimbilia kuufuta, nami hawa siwaungi mkono. Mvumo unatokana na umeme wa nyumbani, na umeme una masafa yake maalumu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde: hezi 50 Afrika Mashariki, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, hezi 60 Marekani na nchi nyingine kadhaa. Ukiufungua wimbo kwenye chati ya masafa, mvumo huonekana kama mnara mwembamba mahali pake, na wenzake kwenye mara mbili, mara tatu ya hapo. Katika faili ambazo kichujio hakikuumaliza, mnara ule ulisimama kwenye hezi 57.5. Hakuna gridi ya taifa popote inayokwenda kwa hezi 57.5. Hamsini mara 1.15 ndiyo 57.5: mvumo ulikuwa umebeba ndani yake ile asilimia 15 aliyoongeza kijana. Katika zile faili chache zisizoguswa, mnara ulikuwa kwenye 50, kama inavyotakiwa Tanga.

Hadi hapo nilijua alichofanya, sikujua bado kwa nini alihitaji kukifanya. Tukaigeuza pleya juu chini. Kibandiko cha chini kilisema volti 120, hezi 60.

Transfoma hubadilisha volti tu, masafa hayaguswi. Kwa vifaa vingi hilo halina madhara. Lakini pleya nyingi za zamani za mkanda zina mota ya sinkronia, ambayo mwendo wake haufuati volti bali hufuata masafa ya umeme hatua kwa hatua. Mota ya namna hiyo yenye ncha 24 huzunguka mara 300 kwa dakika kwenye hezi 60, na mara 250 kwenye hezi 50. Kapi, gurudumu dogo linalovuta mkanda, iliyofungwa kwenye mota imechongwa kwa kipenyo kinachofaa masafa ya nchi ilikouzwa. Ukiihamisha nchi bila kubadili kapi, sahani itazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, daima, bila kupepesuka. Na ndiyo maana kijana hakushuku mashine: pleya mbovu huyumba, lakini hii ilikuwa imetulia kabisa kwenye mwendo usio wake.

Kuthibitisha hakuhitaji kifaa. Tulibandika kipande cha karatasi pembezoni mwa sahani, tukaweka swichi kwenye 45, tukarekodi video kwa simu dakika nzima, tukahesabu. Mizunguko 37 na nusu. Gawanya kwa 45, unapata tano ya sita kamili. Kwa anayetaka kupima pleya yake yenye mwendo wa 33 na theluthi, ahesabu dakika tatu: lazima zipatikane duru 100. Zipo pia karatasi za mistari za kupimia mwendo chini ya taa, yenye mistari 180 kwa mwendo wa 33 na theluthi penye hezi 50, lakini zinahitaji taa inayopepesa kwa masafa ya umeme, na balbu nyingi za LED za leo hazifanyi hivyo vizuri. Kuhesabu ni kwa uhakika zaidi.

Niseme hapa kwamba pleya nyingi mpya, hasa za bei nafuu zinazotumia adapta kama ya simu, zina mota ya umeme wa moja kwa moja na hazidhuriki na tofauti hii. Zile za kuendeshwa moja kwa moja na mota yenye kudhibitiwa kwa kioo cha kwatzi nazo ziko salama. Shida ni zile zenye mota ya sinkronia, na hizo ndizo mara nyingi ndugu wa ughaibuni huzikuta kwenye maduka ya mitumba, zikiwa na sifa nzuri, wakazituma nyumbani kwa moyo safi.

Sasa turudi kwa Bibi. Mwendo wa tano ya sita unashusha sauti zaidi kidogo ya nusu toni tatu, yaani hatua tatu za vibonye vya kinanda. Mwanamke wa sauti ya juu anakuwa na sauti ya kifua, na kinanda kinakuwa kama kimejaa maji. Wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36. Kijana alipoongeza asilimia 15, alirudisha sehemu kubwa ya njia, si yote. Ilihitajika asilimia 20. Wimbo uleule sasa ulikwenda dakika 3 na sekunde 8, na mwimbaji akabaki chini kwa karibu robo tatu ya nusu toni. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo. Kwa mtu aliyeucheza harusini akiwa kijana, akaufulia nguo na kuupikia miaka kumi, ni mtu mwingine kabisa anayeimba. Bibi alisikia sekunde nane hizo. Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likijirudia. Anayehamisha santuri kwa kawaida ni kijana, mjuzi wa kompyuta, ambaye hakuwahi kuzisikia zikiwa mpya. Yeye hurekebisha mpaka sauti ifanane na ya binadamu, na hapo husimama, wakati sauti ya binadamu ina upana mkubwa sana. Mwimbaji akishushwa au kupandishwa asilimia tano bado ni binadamu. Wala huwezi kutegemea ufunguo wa muziki. Bendi zilipatanisha vyombo kwa kusikilizana, si lazima kwa kipimo cha kimataifa, kwa hiyo hata mwenye sikio la nota hawezi kuapa wimbo ulipaswa kuwa wapi. Mjukuu alikuwa pia amelinganisha wimbo mmoja na nakala aliyoipata mtandaoni, akakuta zinakaribiana. Lakini nani alihamisha ile nakala, kwa pleya gani, katika nchi ya umeme gani? Nakala isiyojulikana ilikotoka haiwezi kuwa shahidi. Mzee aliyeusikia wimbo mara elfu ni shahidi bora, na alipaswa kukaa karibu na spika tangu santuri ya kwanza.

Tulikuwa na njia za kuchagua. Ya kwanza ni kubadilisha kapi, kuweka yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa moja ya tano. Ni njia safi, lakini kapi ya modeli ile haikupatikana kwa urahisi, na kuchongesha kwa fundi wa mashine ya kukerezea kunataka usahihi mkubwa: kapi ikikosa mduara kwa unywele, kila noti ndefu itayumba. Ya pili ni kifaa cha elektroniki kinachozalisha umeme wa hezi 60, na bei yake ilizidi ya pleya. Ya tatu ni kuiacha pleya iende polepole, kurekodi hivyohivyo, na kuzidisha kasi kwa 1.2 kwenye kompyuta. Tukachukua ya tatu. Kwa matumizi ya kusikiliza kila siku nisingeipendekeza; kwa kazi ya kuhamisha mara moja na kumaliza, inatosha, na sindano inayopita polepole haiidhuru santuri.

Ina gharama moja ndogo. Santuri huchongwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti nyembamba zimeongezwa, na amplifaya ya fono huzirudisha kinyume chake kwa kanuni iitwayo RIAA, ambayo viwanda viliifuata tangu katikati ya miaka ya 1950. Muziki ukipita hapo ukiwa umeshuka, marekebisho hayo huangukia mahali pa jirani na pake. Nilipiga hesabu: ukilinganisha na sauti za katikati, kosa halifiki desibeli moja popote muhimu. Spika za sebuleni zina makosa makubwa kuliko hayo. Nililikubali, nikaliandika kwenye maelezo ya faili ili atakayekuja baadaye ajue.

Kuhusu kuzidisha kwa 1.2, kuna mambo mawili. Programu hizi huwa na amri tatu zinazofanana: moja hubadili kasi pamoja na kimo cha sauti, nyingine kimo peke yake, nyingine mwendo peke yake. Inayotakiwa ni ya kwanza tu. Mjukuu alikuwa ametumia ya kimo kwenye nyimbo mbili, na ndiyo maana hizo zilisikika na kitu kama mwangwi wa bati.

La pili ni zuri zaidi. Gridi ya taifa haikai kwenye hezi 50 kamili. Hupanda na kushuka kidogo kulingana na mzigo. Mota ya sinkronia hufuata kila badiliko hilo. Kwa hiyo jioni ambapo masafa yameshuka hadi 49.8, pleya nayo imepungua kiasi hichohicho, na kizidisho sahihi ni 60 kugawanya kwa 49.8, yaani 1.205. Utajuaje? Mvumo uliorekodiwa pamoja na wimbo unakuambia. Ukisharekebisha kasi, mnara wa mvumo lazima uangukie kwenye hezi 60 kamili, yaani pale mota ilipotengenezewa. Ukiwa kwenye 59.8, ongeza kidogo. Umeme uleule uliokosesha mwendo umeacha alama ya kusahihishia, sekunde kwa sekunde. Ndiyo sababu nasema mvumo usomwe kabla ya kufutwa. Ili kuusoma kwa usahihi, nachukua nakala ya kipande cha mwisho, naishusha hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, kisha nachagua dirisha kubwa kabisa kwenye chati ya masafa. Hapo tofauti ya sehemu ya kumi ya hezi huonekana. Na kwa ajili hiyo, sindano isiinuliwe wimbo ukiisha. Iachwe izunguke kwenye mfuo wa mwisho nusu dakika hivi, ambapo hakuna muziki wa kuuficha mvumo.

Mvumo wenyewe tuliupunguza baadaye, na tiba yake haikuwa kwenye programu. Waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mkono wa pleya ulikuwa umening'inia nyuma bila kufungwa kwenye amplifaya ya fono. Kuufunga kuliondoa sehemu kubwa. Iliyobaki ilipungua tulipochomoa chaja ya laptopu na kutumia betri, kisha kusogeza transfoma mbali na kichwa cha sindano. Kichwa kile hutoa milivolti chache tu, nne au tano, na transfoma iliyowekwa ubavuni mwake inamwaga sumaku ndani yake moja kwa moja. Mvumo uliobaki hausikiki kwa sikio, lakini kwenye chati bado unasomeka. Hiyo ndiyo hali ninayoitaka.

Santuri ndogo zilirekodiwa upya zote, kwa kuwa sasa tulikuwa na njia sahihi. Zote, isipokuwa moja. Katika wiki za kazi ya kwanza, santuri moja ya taarabu iliachwa dirishani, jua la Tanga likaikunja ukingo, na sindano ikawa inaruka. Iliyobaki ni MP3 ya kundi la familia, imechujwa, imeongezwa asilimia isiyokumbukwa, na kichujio kilikuwa kimeufuta mvumo kabisa.

Hapa mkwaruzo ndio uliotuokoa. Santuri ikiwa na mkwaruzo unaokatiza mifuo, kila mzunguko hutoa mwaliko mmoja mahali palepale. Kwenye mwendo wa 45, mwaliko hurudi kila baada ya sekunde 1.333. Katika faili ile, kichujio cha mialiko kilikuwa kimeacha midogo midogo katika utangulizi wa wimbo, inayoonekana kwenye picha ya mawimbi kama vijiti. Nilipima umbali wa mizunguko kumi badala ya mmoja ili kosa la kupima ligawanyike: sekunde 13.91, badala ya 13.33. Uwiano wake ni 1.043, na 1.15 mara 1.043 ni 1.2. Kumbe na hii ilikuwa imeongezwa asilimia 15 ileile. Tukaisahihisha. Ubora wake bado ni wa MP3 iliyopita WhatsApp, sauti za juu zimekatwa, lakini mwimbaji amerudi kwenye kimo chake, na Bibi alimtambua kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Mtu mwenye faili za zamani asizojua zilihamishwaje anaweza kutumia njia hii leo. Kwa santuri kubwa za 33 na theluthi, mwaliko hurudi kila sekunde 1.8.

Kazi ya pili tuliianza kwa kuosha, jambo ambalo mara ya kwanza lilirukwa. Santuri za pwani zina chumvi, vumbi laini, na mara nyingi ukungu unaoota ndani ya mifuo wakati wa masika. Maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone la sabuni ya vyombo isiyo na manukato, kitambaa laini kinachopitishwa kufuata mfuo na si kuukatiza, kisha suuza kwa maji yaleyale na kuzisimamisha zikauke. Karatasi ya katikati isilowe. Nusu ya mialiko aliyokuwa akiipiga vita kijana kwenye kompyuta ilikuwa uchafu tu, ikaenda na maji. Spiriti isiguse kabisa santuri za sheleki. Huyeyusha sheleki yenyewe.

Baadhi ya santuri zilikuwa na tundu kubwa la katikati, na kipachiko chake kilicheza kidogo. Santuri isiyokaa katikati husababisha noti ndefu ziyumbe, juu na chini kila mzunguko, na katika taarabu yenye fidla na sauti za kuvuta hilo linaumiza. Dawa ni kutazama mkono wa pleya kutoka mbele: ukipepea kulia na kushoto, santuri isogezwe kidogo kidogo mpaka mkono utulie. Programu za kuyarekebisha haya baadaye zipo, lakini kusogeza kwa kidole ni bora.

Tulirekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya ukomo. Kila upande wa dakika 3 na nusu hivi huchukua megabaiti 120 na kitu, na sanduku zima, pande zote mbili, lilikuwa gigabaiti 15 hivi. Hiyo ndiyo diski aliyodhani imejaa. Flashi moja ya bei ya kawaida inabeba kila kitu, na ukihifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote, zinapungua zaidi.

Santuri karibu zote zilikuwa za mono, yaani za sauti ya chaneli moja, lakini tulirekodi chaneli mbili. Sababu ni kwamba sindano ya stirio husoma kuta mbili za mfuo kila moja peke yake, na redigramu ya zamani yenye mkono mzito huwa imeukwangua ukuta mmoja zaidi ya mwingine. Katika baadhi ya santuri, chaneli ya kushoto ilikuwa safi na ya kulia imechakaa. Tukachukua ya kushoto peke yake. Kwingine kuzichanganya mbili kulipunguza kelele waziwazi. Mjukuu alikuwa ameziacha kama stirio, na kelele zikatapakaa pande zote za spika wakati muziki uko katikati.

Juu ya kuchuja kelele tulibishana kidogo. Yeye alipenda ukimya kamili kati ya beti. Mimi naona kelele nyepesi ya santuri ni afadhali kuliko fidla iliyonyolewa pumzi, na tari zilizogeuka kuwa maji. Kichujio cha mialiko nacho hakijui tofauti ya mwaliko na mlio wa rika (tari ndogo yenye njuga), wala na ukucha wa mpiga gitaa. Kikizidishwa kinakula mdundo. Tukakubaliana hivi: faili ghafi haiguswi kamwe, ya pili inasahihishwa kasi na chaneli tu, ya tatu, ya kusikilizia, mialiko mikubwa inaondolewa kwa mkono mmoja mmoja na kelele inapunguzwa kidogo sana. Bibi alisikilizishwa matoleo mawili ya wimbo mmoja bila kuambiwa lipi ni lipi, akachagua lenye kelele zake.

Kila santuri ilipigwa picha karatasi zake za pande mbili, na namba zilizochongwa karibu na karatasi ya katikati zikanakiliwa, kwa kuwa jina la wimbo hukosewa tahajia au hurudiwa na bendi nyingine, ila namba ya santuri hairudiwi ovyo. Jina la faili linaanza na namba hiyo. Nakala moja iko Tanga, nyingine kwa shangazi Marekani. Nyimbo zenyewe hazijapakiwa mtandaoni. Kumiliki santuri si kumiliki haki ya wimbo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999, wapo waimbaji na watunzi ambao warithi wao wanaishi mitaa ileile ya Tanga, na familia imeamua kuwauliza kwanza.

Zile nne za sheleki zimebaki sandukuni, na nimewaomba wasiziguse kwa pleya hii. Mfuo wake ni mpana, unahitaji sindano ya mikroni 75 hivi, wakati ya santuri ndogo ni kama mikroni 18. Sindano nyembamba hutambaa chini ya mfuo na kusoma takataka. Pleya haina mwendo wa 78, na kanuni ya RIAA haikuwapo zilipochongwa. Zaidi ya hayo, mwendo wa santuri za zama zile, tangu miaka ya Siti binti Saad kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, haukuwa 78 kamili kila mahali. Mafundi wengine walikata kwa kasi ya juu au ya chini kidogo. Mvumo wala mkwaruzo havitasaidia hapo, kwa sababu vyote viwili vinashuhudia mwendo wa pleya, havisemi chochote juu ya mwendo wa mashine iliyochonga. Shangazi anatafuta sindano ya mikroni 75 inayoingia kwenye kichwa kilekile, na mimi nimepata ahadi ya kuazima pleya ya miendo mitatu yenye kurekebishika kasi. Bibi anasema moja kati ya zile nne anaikumbuka vizuri, ilikuwa ya mama yake.